Kuni za Msiba wa Hansa

Kaburi lilikuwa limeshafika kifuani mwa Damiani nilipotoka uani. Alikuwa ndani yake, shati kavua, akirusha udongo huku wenzake wakisubiri zamu. Aliponiona alijifuta jasho.

"Pole sana, Baba Nileshi. Mama tumemchagulia pahali pazuri. Maji hayafiki hapa."

Sikuwa nimemwomba mtu achimbe. Lakini katika mji mdogo wa Shelui msiba hausubiri kuombewa msaada. Mtu akifa, wanaume wanashika majembe, na wanawake wanaleta kuni, kila mmoja mzigo wake, za kupikia waombolezaji. Miaka yote niliyouza vipuri vya malori pale nimesimama kwenye makaburi yao, nimetupa udongo wangu, nimekula wali wao. Hakuna aliyewahi kuniuliza sisi Wahindu tunaagana vipi na wafu wetu, na mimi, kwa ujinga wangu, sikuwahi kusema.

Mke wangu Hansa alinishika mkono kabla hajakata kauli. "Usinifukie," aliniambia. "Nichome." Nikamwahidi. Mahali pa kuchomea watu wetu palikuwa mbali, Mwanza, na mvua ilikuwa imebomoa daraja. Malori yalipanga foleni hadi mbele ya duka langu. Maiti haikuweza kungoja. Nikatazama lundo la kuni uani, nikaona zinatosha.

"Damiani," nikasema, "sisi hatuziki. Tunachoma. Naomba mnisaidie kupanga hizi kuni."

Alicheka kidogo, akidhani majonzi yamenichanganya. Kisha akaacha kucheka.

Habari iliwafikia wanawake kabla sijamaliza kueleza. Zaituni, jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyemuuguza Hansa pamoja nami, alisimama, akajifunga upya kanga, akainua mzigo wake.

"Nisamehe, baba. Nilimpenda. Lakini kuni zangu zisimuunguze."

Akaondoka nao kichwani. Wa pili akafuata, na wa tatu. Hakuna aliyetukana. Heri wangetukana, hasira yangu ingepata pa kutua. Uani pakabaki magome na sisimizi.

Damiani alinifuata mlangoni, tope hadi magotini.

"Mzee, kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Likilala tupu linatafuta mtu mwingine. Editha wangu yuko karibu kujifungua. Nakuomba."

Nilimchukia wakati ule, yeye na imani yake na wema wake. Nikamtazama usoni, nikaona anaogopa kweli, kama nilivyoogopa mimi kuivunja ahadi yangu. Lakini Hansa alikuwa ameshakufa. Mtoto wa Editha alikuwa hajazaliwa.

Tukamzika kabla jua halijazama. Katekista Melkiori alisali, mume wa Zaituni akaomba dua, nami nikanong'ona yale machache ya kwetu niliyoyakumbuka. Udongo ulipoanza kugonga sanduku nilijiziba masikio mbele ya watu wote, mtu mzima mimi. Wakanishika mabega. Walilia kuliko nilivyolia mimi.

Damiani alilipigapiga tuta kwa koleo mpaka likakaa sawa. Kisha akaipima kwa macho ile nafasi iliyobaki pembeni, akaniwekea mkono begani.

"Usiwe na wasiwasi, Baba Nileshi. Na wewe tutakulaza hapahapa, karibu naye."

Nikamwambia asante.