Ndoo Iliyosuguliwa

...na huyo wa upande wa pili wa ukuta naye anaoka, siku zote za Mungu hazikumtosha, akaona aoke leo, moshi wa kikaango chake unaingia kwa dirisha la nyuma na harufu ya mkate wa injera inajaa chumbani kama mwenye nyumba, nyumba yenyewe ikifika jioni haina mwenyewe, mtaa mzima unabomolewa, lori liko barabarani linangoja, na Yeshimebet amesimama humo ndani kaegemea ukuta, ndoo tupu mikononi, hawezi kutoka, kwa sababu kabati la mama limekwama mlangoni nusu ndani nusu nje na huko uani wanaume wanapeana amri... "Tefera, inua upande wako." "Upande wangu ndio huu nimeuinua, shemeji, wewe ndiye umelala." ...shemeji mtu na shemejiye, Tefera mumewe na Demissie kaka yake, ukiwaweka kwenye kazi moja wote wasimamizi, na wale wa chama cha kuzikana waliokuja kusaidia, Mungu awalipe, wamezoea kubeba jeneza, na jeneza mlangoni hupita. Aliwaambia. Asubuhi na mapema aliwaambia kabati halipiti, ling'olewe misumari litoke vipande, Demissie akamkata kauli, "Lilipoingia liliingiaje? Kilichoingia hutoka, Yeshi, acha woga," eti woga, wakati Demissie miaka ile alikuwa Dire Dawa, hakuwapo wezi walipoiba redio na baba akang'oa mlango wa mbao akaweka huu wa chuma, mwembamba, kabati tayari liko ndani, lakini nani amsikilize, mwanamke akisema jambo katika nyumba aliyozaliwa yeye mwenyewe huambiwa asogee wanaume wapite, haya, amesogea, wapite basi tuwaone.

"Wifi, mbona umenuna hivyo?" Wubalem, dada yake Tefera, amekaa juu ya furushi la matandiko anajipangusa mikono kwa kanga ya kichwa, mikono imekuwa myekundu kwa sabuni, "mimi nilidhani utafurahi, ndoo ilikuwa inanuka jamani, maji ya njano yameelea, sijui ya tangu lini, nikasema hapana, wifi yangu hataingia nyumba mpya na uvundo wa zamani, nimeisugua kwa mchanga mpaka kucha zimeuma..." na imetakata kweli, inang'aa, unaweza kujitazama humo, na Yeshimebet anajitazama na kuona uso wa mtu anayetaka kupiga kelele, maji ya njano, anasema, maji ya njano, hayo ndiyo yalikuwa chachu, hayo ndiyo hutekwa juu ya donge la unga wa tefu kabla hujaoka, ukayaweka yakangoja donge la kesho, na la kesho yakatoka ya keshokutwa, hayakatiki, mama aliyatoa kwa mama yake kule Debre Birhan akaja nayo ndani ya kibuyu siku alipoolewa, amekanyaga mji huu hajui mtu, kibuyu mapajani, na hayakukatika njaa ilipopita, hayakukatika vita ilipopita, yamekuja kukatika leo kwa mkono wa Wubalem na sabuni ya unga... na la kumuua zaidi ni kwamba alimwambia asante. Aliletewa ndoo, akachungulia, akasema, "Asante, wifi." Ufanyeje? Mtu ameacha kazi zake, kaja kabla jua halijatoka, kafunga vikombe vya kahawa kimoja kimoja kwenye magazeti, hata sinia la mama lenye ufa kalifunga, umtukane? Tena dada wa mume, tena siku ya kuhama, ugomvi wa siku ya kuhama huwatangulia huko mwendako. Basi umemeze. Lakini haumezeki.

Vioo alisema vibebwe na nani, picha ya Bikira alisema isilazwe kifudifudi, mtungi wa gesi alisema, kila kitu alisema, ndoo ile tu hakuisema, aliiweka pembeni kaifunika kitambaa, iwe ya mwisho, aibebe mwenyewe, hakumwambia mtu kwa sababu kwani kuna mtu anaambiwa? Kuna mtu anaambiwa usimwage chachu? Lakini Wubalem ananunua injera dukani, imefungwa kwenye nailoni, anarudi nayo kama aliyenunua kitambaa cha suruali, wa kulaumiwa nani... "Sukuma taratibu, taratibu nimesema, linakwaruza!" Linakwaruza, ndiyo, likwaruze, mbao za mama hizo, lakini mbao ni mbao, alikokuwa mama siko huko, mama alikuwa humu ndani ya ndoo, jambo hili hakumwambia hata Tefera, angesema nini, kwamba tangu mazishi kila akitia mkono kwenye donge anasema pole pole, mama, habari za asubuhi, kwamba injera ya kwanza kule ghorofa ya nne alikuwa ameiapia itoke kwenye chachu ile, ili mama naye awe amehama, asiachwe huku na matingatinga... Mama amekufa mara ya pili, na safari hii hakuna turubai wala waombolezaji, kuna Wubalem anayemwambia, "Kama ni ile chachu tu, wifi, utapata nyingine, huko si kuna majirani, chachu si chachu tu?"

Chachu si chachu tu. Aombe kwa nani, agonge mlango wa ghorofani ambako mtu hajui hata jina la mtu, hodi, mimi mgeni, nipe chachu ya mama yako? Chachu ya mama yuko nayo nani, alikuwa akiwapa wote, bibi harusi akiingia ua huu mama anampelekea kikombe, mke wa fundi saa alipewa, alishahama, yule Mgurage wa duka alipewa, alishahama, Birke... ah, huyo. Afadhali kula mkate. Birke ambaye ukuta ni mmoja, Birke aliyepewa kikombe akiwa bibi harusi analilia kwao, halafu mama anafariki, turubai limefungwa hapo uani, watu wametoka kona zote za mji, na Birke hakuja kukaa msibani hata siku moja. Nani hufanya hivyo? Adui yako akifiwa unakwenda. Yeshimebet aliapa hatakunywa kahawa yake wala kuliita jina lake, na hajaliita, na huyo hapo anaoka, harufu hii, uchachu kidogo mwanzoni halafu utamu kwa mbali...

...ana nini mtu huyu, mbona harufu hii Yeshimebet anaijua. Siku ile ya tatu ya msiba kapu la injera lilikutwa dirishani, dirisha hili hili, halina jina, wazee walikula wakatazamana, mmoja akasema, "Huu ni mkono wa Aberash," na Aberash ni mama, na mama yuko kaburini, na yeye Yeshimebet alilia mpaka akashikwa, akadhani ni uchungu tu unamdanganya ulimi, hakuuliza kapu limetoka wapi, na dirisha hili linatazama jiko moja tu hapa duniani. Basi kwa nini hakuja yeye mwenyewe, kapu lije mtu asije... na sasa inakuja nyingine, hakuiita, inakuja yenyewe, sauti ya mama ikipanda juu ya ukuta, ule ugomvi wa mfereji wa maji machafu, mama na ulimi wake, mtaa mzima unasikia, "Nikifa, Birke, usikanyage msiba wangu, umenisikia?" Na Birke alisikia. Kumbe alisikia, akatii. Mama alikuwa na ulimi mkali, ee, alikuwa nao, ukifiwa unasahau, unabaki na donge na kibuyu na mama mtamu tupu, na miezi yote hii mtu wa watu amebeba neno la marehemu peke yake huko upande wa pili, hawezi kuja, hawezi kusema kwa nini haji, ndiyo kwanza anachota juu ya donge lake maji yale yale ya Debre Birhan, kila anapotaka kuoka, yapo, hayajakatika.

"Wifi, unalia? Basi nisamehe, sikujua."

"Hujakosea," akasema Yeshimebet, na safari hii hakuwa anameza kitu. Akalizunguka furushi, akaisogeza ndoo mpaka kwenye dirisha la nyuma. Jina lilikuwa gumu mdomoni, halijatumika siku nyingi.

"Dada Birke."

"Abee."

Ilijibu pale pale, chini ya dirisha, hata jina halijaisha, sauti ya mtu aliyekuwa amesimama hapo tangu asubuhi akisikiliza vitu vyao vikitoka kimoja kimoja. Kule mlangoni Demissie alisema wasukume tena, wakasukuma, kabati halikusogea.