Mubirizi na Mti wa Kokwa

Kwaru, kwaru, kwaru. Gizani Emérence alidhani ni panya. Akapapasa sakafuni atafute kiatu cha kumtupia, lakini ile sauti ikakoma, na mahali pake akasikia mdomo mdogo ukitafuna. Panya hatafuni udongo.

"Colombe?"

Akawasha koroboi. Mtoto alikuwa ameketi kwenye kona ya mkeka, kucha zimejaa udongo mwekundu, midomo imetapakaa. Ukutani palikuwa na kishimo cha kuingia ngumi ya mtoto wa miaka minne. Si kishimo cha usiku mmoja.

Huyu ndiye aliyekataa maharagi. Alikataa uji, alikataa ndizi, hata ndagala wa kukaanga aliwageuzia uso. Tangu mvua zianze tumbo lake lilikuwa likifura huku mikono ikikonda, na nywele zake zimegeuka nyekundu kama ndevu za mahindi. Majirani wa mtaa wa Cimpunda walikwisha kuutaja ugonjwa huo kwa sauti ya chini, bwaki, kana kwamba ni mgeni anayeweza kusikia jina lake akageuka. Kwenye dispansari walimpa dawa ya minyoo, akaitapika njiani. Walisema pia apewe vyakula vyenye nguvu. Hayo Emérence aliyajua. Masomo ya jioni ya akina mama yalikuwa yamemfundisha kuchemsha maji, kupima uji, na kuandika neno vitamini bila kukosea. Lakini hakuna jioni hata moja waliyofundishwa namna ya kumlisha mtoto aliyefunga mdomo.

Mumewe Philémon aliamka, akasimama nyuma yake.

"Anakula nyumba," Emérence akamwambia. "Mutoto wetu anakula nyumba, Papa Colombe."

Kulipopambazuka walitoka wote wawili bustanini. Bustani yenyewe ilikuwa mteremko wa mawe na maharagi. Pazuri palikuwa mahali pamoja tu: pembe iliyo chini ya jiko, ambako maji ya kuoshea vyombo yalishuka na kuulainisha udongo. Kando ya jiko, ndani ya kopo lenye kutu, ulikuwapo mche ambao Philémon aliupata kwa Mzungu mmoja wa kando ya ziwa aliyemwajiri kutunza maua. Ulikuwa mti wa kokwa. Jina lake lilikuwa refu, na Philémon alikuwa amelisahau kabla hajafika nyumbani.

"Tuipande pale," akasema. "Kokwa zake ziko na mafuta kuliko karanga. Mutoto wa bwaki akikula ile, anaota mashavu."

"Inazaa kisha myaka ngapi?"

"Sita. Saba."

"Saba! Na ile myaka yote Colombe atakula nini? Ukuta?" Emérence aliushika ukingo wa kitenge chake. "Mimi nataka mubirizi pale. Kule Mwenga, mama yangu alikuwa anatupatia maji yake tukiwa na minyoo. Unachomeka kijiti, kisha mwezi unachuma majani."

"Mubirizi haishibishe mutu."

"Na kokwa yako haitoe minyoo."

"Mama Colombe, mubirizi ni uchungu tu. Hii ni chakula." Kisha akalegeza sauti, akajaribu kucheka. "Fikiri. Atakuwa na myaka kumi na moja. Atapanda juu, atatutupia kokwa kwa kichwa."

Emérence hakucheka. Alijaribu kumwona msichana huyo wa miaka kumi na mmoja, miguu mirefu, gauni limenasa kwenye tawi. Aliuona mti. Aliyaona majani yake na kivuli chake. Chini yake hakukuwa na mtu.

"Na Mama Adolphine?" akauliza upesi, ili asiendelee kuona. "Alisema muti haina."

Mama Adolphine alikuwa mjane wa kabila la Bashi, mwenye kilima chote kile. Aliwakodisha udongo kwa bwasa, yaani wapande vya msimu, wavune, basi. Siku ya kwanza kabisa aliwaambia: maharagi ndiyo, mahindi ndiyo, muti haina. Mpangaji akipanda kitu chenye kuishi kuliko msimu, ni kama ameukalia udongo wenyewe.

"Nitamuomba Siku ya Mungu," Philémon akasema. "Nitamupelekea kasiksi kidogo. Akikunywa, moyo unalainika."

Akaenda kazini. Emérence akabaki na mtoto mgongoni, mwepesi kama nguo zilizokauka. Siku ya Mungu ilikuwa mbali sana. Akashuka mtoni, akakata vijiti vitatu vya mubirizi, kile kichaka cha majani machungu, akarudi. Huu si mti, alijiambia. Ni dawa. Akavichomeka kwenye ile pembe yenye maji, karibu na njia ili vipate jua, kimoja, na kingine, na kingine, akavinyunyizia maji. 

Jua lilipoanza kuinama, Mama Adolphine alipita na jembe begani. Akasimama ghafla.

"Ni nani amenijengea lupango?"

Emérence alitoka mbio. "Lupango gani, Mama? Uzio iko wapi?"

"Usinifanye kipofu! Vijiti bitatu, mustari mumoja, kwa mupaka wa shamba ya bwana yangu! Munaomba maharagi, munachukua udongo. Ninyi Barega ya Mwenga mumezoea pori, muti haina mwenyewe. Hapa Bushi mubirizi ikisimama kwa mustari, ni mutu anasema: kuanzia hapa ni kwangu."

"Mama, ni dawa! Haiko muti! Ulisema tusipande muti..."

"Heri muti! Muti unasimama kwa nafasi yake, kila mutu anauona. Lupango ndiyo inatembea." Akainama, akang'oa kijiti cha kwanza. Akang'oa cha pili. "Maharagi yakivunwa, mutoke. Sitaki kesi."

Emérence alijitupa magotini, akakikumbatia kijiti cha tatu kwa mikono yote miwili.

"Tufukuze. Tutaenda Bagira, tutaenda popote. Lakini hii moja uniachie, Mama, nakuomba, hii moja tu."

"Kwa kijiti unalia hivi?"

Ndipo iliposikika kutoka ndani. Kwaru, kwaru.

Mama Adolphine aligeuza shingo. "Munafuga panya?"

"Ni mutoto wangu."

"Anafanya nini?"

"Anakula nyumba."

Mama Adolphine aliliweka jembe chini taratibu. Akaingia, akakaa ndani kitambo, akatoka na Colombe mikononi. Akaketi kizingitini, akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Kidole kilipoondoka, kishimo kikabaki.

"Nilizika wawili wa miguu kama hii," akasema, bila kumtazama mtu. "Leta sahani. Leta na maji ya moto."

Akayachuma majani ya vile vijiti alivyoving'oa mwenyewe, akayasugua kwa viganja, akamwaga maji ya kwanza yenye povu, akabakiza ya pili, kijiko kidogo tu. Colombe akameza. Hakukunja uso, hakulia. Alimeza uchungu ule kama anayemeza hewa, na hilo lilimtisha Emérence kuliko kilio chochote.

"Kesho umurudishe kwa dispansari," mjane akasema. "Akitapika dawa, usitoke. Ikala pale kwa mulango yao mupaka bamupatie ingine. Majani ni majani, hayawezi yote." Kisha akakichukua kijiti cha tatu, akakichomeka mwenyewe kando ya mlango wa jiko. "Mubirizi peke yake kwa mulango ni dawa. Ikiwa na benzake kwa mustari, ni vita. Barega hamukujua?"

"Hatukujua, Mama."

"Haya."

Akaliokota jembe lake, akaenda zake; juu ya kuhama Emérence hakuthubutu kuuliza.

Alikaa kwenye mlango wa dispansari mpaka wakampa dawa nyingine, na safari hii ikakaa tumboni mwa mtoto. Minyoo ikatoka. Lakini mdomo haukufunguka. Kila mlo Emérence aliweka sahani, kila mlo aliiondoa imepoa, na usiku alilala mkono wake umekishika kile kiganja kidogo kisifike ukutani.

Siku ya Mungu, baada ya misa, Mama Adolphine alikuja mwenyewe. Philémon akamkaribisha kwa ile kasiksi, pombe ya ndizi. Akanywa, akafuta midomo, akalitazama lile kopo lenye kutu.

"Na hii?"

Philémon akaeleza yote, mafuta, mashavu, jina refu alilolisahau.

"Bwasa ni bwasa," mjane akasema. "Mukono ya mupangaji haipande muti." Uso wa Philémon ukaanguka. Mjane akasimama, akalichukua jembe lake. "Kwa hiyo nitapanda mimi. Muti utakuwa wangu. Inazaa kisha myaka ngapi?"

"Saba, Mama."

"Saba! Mimi nitakuwa chini, nasukuma mizizi." Akachimba kwenye ile pembe yenye maji, akautoa mche koponi. "Mama Colombe, kuya. Shika kichwa yake isilale. Kushika haiko kupanda. Lakini usiguse udongo!"

Emérence akaushika. Ulikuwa mwembamba kama kalamu ya risasi. Alifumba macho amtafute tena yule msichana wa miaka kumi na mmoja, na tena akauona mti peke yake. Nyuma yake, kizingitini, Colombe aliketi kando ya sahani ya maharagi yaliyopoa, nzi wakitua na kuruka.

"Myaka saba," Mama Adolphine akasema tena, akiushindilia udongo kwa mguu. "Nani atakuwa hapa ya kuokota?"

Philémon alitazama vidole vyake vya miguu.

"Mama," sauti ikasema kutoka kizingitini, "niko na njala."