Udi wa Bwana Pruitt

Douglas Pruitt alikuwa amezeekea kwenye unaibu. Dar es Salaam naibu, Lima naibu, na sasa Doha naibu tena, mvi zimemjaa kichwani. Aliutamani ubalozi mpaka ukamkosesha usingizi. Safari hii mkubwa wake, Bi. Virginia, alikuwa anakuja kutoka Washington, na alishamwambia waziwazi: nikutanishe na Abu Ghanim, ubalozi ni wako.

Abu Ghanim, tajiri wa Al Rayyan, hakuwa mtu wa kukutanishwa ovyo. Pruitt akaenda barazani kwake kumwalika kwenye karamu ya kumkaribisha Bi. Virginia, akanywa kahawa mpaka mikono ikamtetemeka. Mara chetezo cha udi kikaanza kuzungushwa. Wageni wakajifukiza, wakaaga, wakaenda zao, maana huko udi ukishapita, kikao kimekwisha. Pruitt akabaki peke yake, akijipepea moshi kifuani. Loo, heshima iliyoje! Wenzake wote wameondoka, amebakizwa yeye!

Mwenyeji alikuwa na njaa na chakula kilikuwa kinapoa. Alipoona mgeni habanduki, akakubali kuja kwenye karamu yake, ili mradi aondoke.

“Siri ni udi,” Pruitt alimwambia mkewe.

Siku ya karamu, nyumbani kwake West Bay, alimkabidhi Sabra, mpishi wake kutoka Zanzibar, chetezo kipya kinachong'aa.

“Abu Ghanim akitia mguu tu, mfukize,” alisema kwa Kiswahili chake cha Dar.

“Mapema hivi, bwana? Hata kahawa hajanywa!”

“Mapema, Sabra. Nataka ajue namheshimu kuliko wote.”

“Haya. Nyumba yako.”

Abu Ghanim akafika. Bi. Virginia akaweka glasi chini, akaanza kuikatiza sebule, mkono mbele. Lakini Sabra alikuwa karibu zaidi. Tajiri akakutana na moshi pale pale mlangoni. Akautazama, akamtazama Pruitt, uso ukamchangamka kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule. Akajifukiza ndevu, akajifukiza mikono, akamkumbatia mwenyeji wake kwa mapenzi ya kweli.

“Wewe unatujua,” akamwambia, akageuka, akarudi garini.

Bi. Virginia alifika mlangoni gari likitoka getini, mkono wake bado umenyooshwa. Pruitt akaupokea yeye, kwa niaba.