Nukta ya Mheshimiwa

Waziri wa afya wa jimbo alikuwa na neno moja la kazi, nalo lilimlisha miaka ishirini na mbili: Nimeona. Likija jalada la kujenga zahanati, anaandika Nimeona. La kununua mashuka, Nimeona. Barua ya mhudumu anayeomba ruhusa akamzike mama mkwe, Nimeona. Ofisini walimbandika neno hilohilo liwe jina lake, na wenye ndimi ndefu walisema siku akifa malaika watapata tabu naye, maana kila dhambi watakayomsomea atawajibu kwamba ameona.

Hakulibuni yeye. Alifundishwa na bosi wake wa kwanza, enzi akiwa karani wa kata mwenye suruali moja ya kazi na moja ya kufulia ile. Usiandike umekubali, mzee yule alimwambia, wala umekataa. Andika umeona. Hakuna mtu aliyefungwa kwa kosa la kuwa na macho.

Lakini serikali haiendi kwa kutazama tu, kwa hiyo palikuwa na nukta. Nimeona yenye nukta mbele yake ilikuwa amri: pitisha. Nimeona isiyo na nukta maana yake kalia, na jalada lilikaliwa mpaka mwenyewe achoke au astaafu. Siri hiyo waliijua watu wawili, waziri na karani wa masjala, aliyekuwa mume wa mdogo wake wa kike. Waziri ndiye aliyemtoa kwenye duka la madaftari akampa meza, muhuri na funguo za makabati. Shemeji alikuwa mtu makini wa kuudhi. Gazeti akishalisoma alilikunja kwa mikunjo yake ya mwanzo. Kila jalada alilinyanyua dirishani ahakikishe nukta ni wino, maana mara moja kinyesi cha nzi kilikaribia kujenga kituo cha afya, akakikwangua kwa ukucha.

Ndipo yakaja magari ya wagonjwa, kumi na manane. Mwuzaji alikuwa rafiki wa waziri, na urafiki wenyewe ulionekana kwa macho: ngazi za marumaru nyumbani kwa waziri, vidato kumi na vinne, zilizojengwa na mafundi ambao waziri hakuwahi kuwalipa. Jalada lilipofika mezani, akaandika Nimeona, akatia nukta.

Siku hiyo shemeji alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alilirudisha. Alisimama mbele ya meza, jalada kifuani, akaeleza taratibu kwamba ripoti ya ukaguzi haimo, amepekua mara mbili.

"Sasa shemeji," akauliza, "hii ni nukta, au kalamu iliteleza?"

Waziri hakuinua uso. "Tangu lini kalamu yangu ikateleza?"

Muhuri ukagongwa: IMEPITISHWA. Ukagongwa kwa mkono wa shemeji, na sahihi yake chini.

Masika yalipoanza, rangi ya magari ikaanza kutoka. Chini ya msalaba mwekundu wa gari la kwanza yakajitokeza maandishi: MIKATE LAINI KILA SIKU. Watu walicheka wiki mbili nzima. Mgonjwa akipakiwa, jirani anamwomba amletee mkate mmoja na siagi. Hata waziri alicheka, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mkubwa wake. Kisha gari moja likazimika katikati ya mlima likiwa limembeba mama mwenye uchungu. Dereva alilisukuma, wapita njia wakalisukuma. Mama alipona. Mtoto hakupona. Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena, na serikali ikaunda tume.

Wakili wa waziri alisoma jalada akafurahi kama mtu aliyepata funguo zake mfukoni. Mheshimiwa, akasema, wewe uliona tu. Aliyepitisha ni karani. Akamtungia sentensi ya kusema mbele ya tume, fupi, na waziri akaifanyia mazoezi akinyoa ndevu: niliona, sikupitisha. Ilitoka vizuri. Kilichomsumbua ni uso wa kwenye kioo, ambao kila alipoisema uliangalia pembeni.

Jumapili mdogo wake akaja. Hakupanda. Alikaa kwenye kidato cha chini kabisa cha marumaru, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri zahanati ifunguliwe. Waziri alishuka, akamwita ndani anywe kitu, akakataa.

"Kaka, sijaja kukuomba umwokoe," akasema. "Nimekuja kuuliza. Ile nukta ambayo tume inaiulizia ni nini? Mume wangu nikimwuliza, ananiambia si yake kusema."

Waziri akaeleza kuhusu wakili, na tume, na mambo yasiyozungumzwa kabla ya wakati. Alieleza kwa urefu. Mdogo wake alimsikiliza mpaka mwisho, akasimama, akajifuta vumbi ambalo kwenye marumaru halikuwepo, akaenda zake.

Siku ya tume waliitwa saa tatu asubuhi, shemeji kwanza. Waziri alitoka nyumbani mapema akiwa na sentensi ya wakili. Kufika karibu na ukumbi aliona ngazi zimejaa watu, na kati yao mwanamke mmoja mwembamba asiyeongea na mtu. Hakuna aliyemwambia kwamba ndiye mama wa yule mtoto. Alijua. Akamwambia dereva azunguke. Wakazunguka. Akamwambia azunguke tena. Walilizunguka jengo lile mara nne, katika foleni ya asubuhi isiyosogea, na katika mzunguko wa nne waziri aliiacha sentensi ya wakili garini. Alikuwa ameamua kusema kweli. Ilikuwa karibu saa tano.

Mwenyekiti wa tume alikuwa jaji mstaafu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, asiyependa maneno mengi. Alimwapisha waziri, akamwuliza nukta ile maana yake nini.

Waziri akasema yote. Kwamba nukta ni amri, ni yake, na karani hakuwa na hiari. Kwamba karani alimrudishia jalada, naye waziri akamtolea jibu la kejeli. Akataja mafundi na vidato vyote kumi na vinne. Wakili alimvuta koti mpaka akachoka kuvuta. Alipomaliza, kifua kilikuwa chepesi, na hata akajiona mtu mwema kidogo, jambo ambalo baadaye alilionea aibu kuliko mengine yote.

Jaji hakumsifu. Alivua miwani, akarudi nyuma kurasa kadhaa.

"Shahidi aliyekutangulia ameapa kwamba nukta haina maana yoyote," akasema. "Ameapa alipitisha kwa akili yake, wewe hukujua. Nilimwuliza mara tatu, nikamwonya. Mmoja wenu amenidanganya chini ya kiapo. Ni wewe, au ni yeye?"

Waziri akageuka. Shemeji alikuwa kwenye benchi la mashahidi, magoti pamoja, akimtikisia kichwa polepole: rudisha, rudisha maneno. Alikuwa ameshajitoa, mtu yule, akingoja tu mwenzake apokee. Na laiti waziri angefika saa tatu, angekuwa mlangoni kumzuia.

"Ni yeye," akasema. "Lakini alitaka..."

Jaji akasema hiyo lakini yake ataiandika baadaye.

Sheria ina miguu ya ajabu. Kosa la waziri lilikuwa kubwa, likahitaji uchunguzi, makaratasi, miezi. Akaambiwa aache hati ya kusafiria, aende nyumbani, ataitwa. Kosa la shemeji lilikuwa dogo na lilifanyika mbele ya jaji mwenyewe, halikuhitaji uchunguzi wowote. Alichukuliwa saa ileile. Akipita, alimwambia waziri kwa sauti ya chini kwamba funguo za makabati ziko droo ya kushoto, asije mtu akavunja bure.

Nje, mdogo wake alikuwa amesimama kando ya gari. Alikuwa ameshaongea na dereva.

"Mara nne," akasema.

"Mara nne," waziri akakubali.

"Kama kosa lake lingekuwa kutii amri yako tu, wangemwonya wamwachie. Sasa ana kosa lake mwenyewe."

Waziri akamfungulia mlango wa nyuma. Dada akaupita, akaketi mbele na dereva, akamtajia kituo cha polisi alikopelekwa mumewe. Waziri akaingia nyuma, na gari lilipoondoka dada akauliza, bila kugeuka, kule kaunta kaka yake atajitambulisha vipi. Akajibu atasema yeye ni shemeji yake.

"Hapana," akasema. "Utasema wewe ndiye uliyemtuma."

Kaka akasema atasema hivyo. Dada alikuwa ameushika mkanda wa kiti kwa mikono miwili, anaitazama barabara kama vile anayeendesha ni yeye.