Kupitia kwa Mwenyekiti

Hakuwa na gari, hakuwa na suti, hakuwa na shahada ya kutundika ukutani. Hakuwa na sauti ya kutikisa madirisha, wala kitambi cha kuegemezea mafaili. Na kubwa kuliko yote, fundi viatu huyu aliyechaguliwa diwani wa kata ya sokoni hakuwa na mtu wa kumuunga mkono. Kwa kanuni za baraza, hoja isiyoungwa mkono hufa pale pale, na mwenye nayo huketi.

Hoja yake ilikuwa choo cha soko. Soko zima halikuwa na hata kimoja, na wauzaji walikwenda kubembeleza wapewe ufunguo wa choo cha gereji ya jirani, ambako mafundi waliwacheka kwanza ndipo wakawapa. Miongoni mwa wauzaji hao alikuwamo mke wake, muuza mboga, aliyemuuliza kila jioni kama udiwani ni wa kuitwa mheshimiwa tu. Na idara ya maji hupokea maombi ya mabomba mara moja kwa mwaka. Siku ya mwisho ilikuwa leo.

Basi akapiga moyo konde, akasimama, akaisoma hoja. Mwenyekiti, mwenye duka la magodoro na mtu asiyependa ugomvi, akauliza nani anaunga mkono. Feni peke yake ikalalamika. Madiwani wakatazama kucha zao. Nani anataka kupigwa picha akikata utepe mlangoni pa choo?

Kisha mkono mmoja ukapanda, na fundi akatamani ushuke. Ulikuwa mkono wa mama mkwe wake, diwani wa kata ya mlimani, muuguzi mstaafu ambaye enzi zake hata madaktari walimkwepa. Siku alipokula kiapo, kisigino cha kiatu alichotengenezewa na mkwewe kiling'oka mbele ya watu, akaapa huku ameinama upande. Tangu hapo hakumsemesha. Akiwa na neno, alimwambia binti yake: mwambie mumeo. Barazani mambo yalimnyookea zaidi, maana kanuni zinakataza madiwani kusemeshana wenyewe kwa wenyewe. Kila neno hupitia kwa Mwenyekiti.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "kabla sijaamua, nataka kujua kama milango ya choo hicho itadumu kuliko visigino."

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi akajibu, kupitia kwa Mwenyekiti, kwamba milango itatengenezwa na seremala. Mama akauliza, kupitia kwa Mwenyekiti, mbona binti yake siku hizi hamtembelei. Fundi akasema, kupitia kwa Mwenyekiti, kwamba anachoka. Mama akataka kujua anachoshwa na nani. Shingo ya Mwenyekiti ilishaanza kuuma kwa kugeuka huku na huku. Akafungua kitabu cha kanuni kutafuta pa kujificha, akakutana na kifungu cha maslahi binafsi.

"Mtoa hoja ana mke sokoni," akatangaza kwa furaha. "Lazima ataje maslahi yake yote. Yote, mheshimiwa, au hoja naifuta."

Fundi akaikunja karatasi ya hoja, akaikunjua. Mkewe alikuwa amemkanya: habari ya nyumbani kwao angeipeleka yeye mwenyewe kwa mama yake, Jumapili. Lakini hoja ikifutwa, ni gereji mpaka mwakani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "naomba umwambie mheshimiwa wa kata ya mlimani kwamba binti yake ni mjamzito, na ufunguo wa gereji ameshauomba leo mpaka wamechoka kumcheka."

Mwenyekiti akageuka, kwa mazoea.

"Binti yako ni mjamzito," akamwambia.

Mama akasimama, akakaa, akasimama tena. Akapiga kigelegele ambacho hakimo katika kanuni yoyote. Akasema anaunga mkono, na mwenye kupinga apinge sasa hivi akimtazama machoni. Hakuna aliyemtazama.

Diwani mmoja, dalali wa viwanja, akanong'ona akiangalia dari kwamba sasa wenye maslahi ni wawili, hawafai kupiga kura. Mwenyekiti, ambaye alikuwa amebanwa na haja tangu ajenda ya pili, akakisoma kifungu upya.

"Hapa wanasema faida ya fedha," akasema. "Kubanwa si faida. Ingekuwa faida, humu ndani hakuna ambaye angepiga kura, na wa kwanza kutolewa ningekuwa mimi."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mikono ikapanda ukumbi mzima, mingine ikiwa na leso za kufutia machozi. Mwenyekiti akafunga kikao na kutoka mbio.

Ikabaki barua ya kwenda idara ya maji. Karani alisema ataichapa baada ya chakula. Mama akavuta kiti, akakaa mbele yake akimkazia macho, na barua ikachapwa. Fundi alisimama kando. Mama akamtafuta Mwenyekiti kwa macho, asimwone. Akakohoa. Akamgeukia mkwewe.

"Mwezi wa ngapi?"

"Wa nne, mama."

"Na mmenyamaza nao hivyo." Akajaribu kununa, midomo ikamsaliti. "Sasa sikiliza, baba. Jumapili akija kuniambia, mimi nitashangaa. Na wewe ushangae ninavyoshangaa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Mwenyekiti akarudi uso umemnyooka, akatia sahihi bila hata kuketi. Karani akaikunja barua, akaitia katika bahasha, akalamba ukingo na kuubana kwa kiganja. Mama akampokonya muhuri wa baraza, akaugonga kwa nguvu hata wino ukaruka. Tarishi akaitia bahasha mkobani, akapanda baiskeli, na mkwe na mama mkwe wakamsindikiza hadi barabarani, kila mmoja akimhimiza kwa sauti yake, mpaka akakata kona ya idara ya maji.