Alama za Jumamosi

Kwa wiki saba fundi cherehani alikuwa akinywa chai bila kusikia ladha yake, na mumewe, aliyekula mshahara wa kuonja chai kwa miaka thelathini na mmoja, hakuwa na habari. Ndivyo mwenyewe alivyoamini. Na alikuwa amejiapia kwamba hatajua.

Si kwamba alikuwa mpenda uongo. Huyu alikuwa mwanamke wa kukupasulia ukweli ukiwa bado umesimama mlangoni: mteja akinenepa alimwambia amenenepa, kisha akampanulia gauni. Lakini hili lilikuwa jambo jingine. Miaka mitatu nyuma ugonjwa wake ulianza hivihivi. Kwanza sabuni haikunukia, halafu kitunguu kikaungua jikoni naye amekaa hatua mbili tu kutoka pale, mwisho chakula chote kikawa kama karatasi mdomoni. Wakacheka, wakasema ni mafua. Kumbe ulikuwa uvimbe, umejibanza nyuma ya pua. Alipigwa mionzi wiki sita, akakonda mpaka nguo alizojishonea mwenyewe zikawa zinamvaa yeye. Alipopona, daktari alimshika mkono akamwambia, "Mama, siku harufu zikipotea tena, usingoje hata wiki moja. Huu ukirudi hauna mchezo."

Yeye alikuwa amengoja saba.

Alingoja kwa sababu ya Jumamosi, na hapo inabidi nimseme kidogo mume wake, maana bila yeye jambo lenyewe halieleweki. Katika ghala la chai walimwita Uso wa Jiwe. Siku za mnada wanunuzi walikuwa wakimkodolea macho akipita vikombe, wakitafuta kope itakayocheza au mdomo utakaokunjika, wajue mapema ipi ni chai na ipi ni takataka. Hawakuambulia kitu. Alifyonza, akatema kwenye ndoo, akaandika, akapita, uso ule ule. Ubaya ni kwamba aliuleta uso huo nyumbani. Miaka yote ya ndoa mkewe alimpikia, akamshonea, akamzalia binti mmoja, na jibu lilikuwa "si mbaya." Siku binti alipozaliwa pia alisema si mbaya.

Alipostaafu na mkewe alipopona, binti yao, ambaye anafanya kazi mji wa mbali, aliwatumia pakiti ya chai ya kijani ya Kijapani. Mzee aliitazama akauliza kama ni ya kunywa au ya kulisha sungura. Mkewe aliionja, akafumba macho, akasema ina harufu ya nyasi zilizokatwa mvua ilipokwisha, na mwishoni kuna utamu mdogo unaojificha chini ya ulimi. Mzee akaonja tena. Ulikuwepo. Akamwangalia mkewe kama mtu aliyegundua kwamba mpangaji wake wa miaka mingi ni ndugu yake wa damu.

Tangu hapo kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana meza ya kukatia vitambaa ilisafishwa, vikapangwa vikombe vyeupe. Walionja za Kichina na za Kijapani tu, na sharti lilikuwa moja: pakiti isizidi bei ya kilo ya sukari. Za bei kubwa, mzee alisema, hata mjinga anajua ni nzuri, imeandikwa kwenye bei. Walikuwa na ile ya Kichina ya rangi ya kahawia yenye harufu ya maua, ile ya moshi inayokaa kama umeinywa kando ya tanuri, ile iliyogandamizwa kama tofali, yenye ladha ya udongo, na ile ya Kijapani iliyochanganywa na mchele wa kukaanga, ambayo mke aliipenda kupita zote. Mmoja alipika jikoni, mwingine akangoja. Walionja kimya, kila mtu akaandika alama yake juu ya kumi kwenye kipande cha karatasi ya kuchorea mitindo, akakifunika. Penseli ikiwekwa chini haishikwi tena. Kisha walifunua kwa pamoja, na hapo ndipo raha ilipokuwa, maana waligombana. Yeye nane, mzee tano. Mzee saba, yeye tatu. Mwanamume aliyeishi kwa maneno mawili akajikuta anatetea kikombe nusu saa nzima, mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Fundi alikuwa amempata mume uzeeni. Angemwachaje arudi kukaa kwenye benchi la hospitali, akishika mfuko wa dawa na kusema si mbaya?

Kwa hiyo alidanganya. Alivuta maji ya moto mdomoni, akayazungusha, na badala ya kusikiliza ulimi alisoma uso wa mumewe. Bahati ilikuwa upande wake: siku hizi jiwe lilikuwa limelainika. Kikombe kizuri kilimnyanyua nyusi, kibaya kilimvuta mdomo upande kama mtoto aliyepewa dawa. Akisema moyoni kwamba uzee una kazi yake, aliandika nane, akaandika nne, na walipofunua alama zilikuwa zinakaribiana, mara nyingine zimelingana kabisa.

"Siku hizi tumekuwa na ulimi mmoja," mzee alisema Jumamosi moja.

Alicheka naye. Kisha akaenda bafuni, akafungulia maji, akalia mpaka alipochoka.

Jumamosi ya saba ilipigwa hodi. Alikuwa Kasuku, mwonjaji aliyefanya kazi na mumewe ghalani, aliyepewa jina hilo kwa sababu neno likiingia sikioni mwake lilikuwa limeshatoka mdomoni. Alikuja na mkate, na kicheko cha kutosha nyumba tatu.

"Shemeji! Nimesikia mnafanya mnada humu ndani bila kunialika. Na mimi nina ulimi, jamani!"

"Karibu, shemeji, kaa," fundi alisema, akamvutia kiti.

Ilikuwa zamu yake kupika. Jikoni alipanga vikombe vya chai tatu: ya kijani ya Kijapani, ya maua ya Kichina, na ile ya mchele wa kukaanga. Pakiti ya mchele haikuwa rafuni. Alikumbuka kwamba bomba lilipovuja wiki mbili nyuma alizikimbiza pakiti kwenye kabati la vitambaa, akazirudisha zote isipokuwa hiyo. Akaenda kuichukua. Ilikuwa wazi, imelala katikati ya vipande vya sufu, pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo ambavyo harufu yake humchoma pua mtu mzima akifungua mlango. Yeye hakuchomwa na kitu. Aliikung'uta, akaipikia maji, na hata akajipongeza kwamba kwa hii angalau hahitaji uso wa mtu, maana ilikuwa haijawahi kupungua nane katika nyumba ile.

Waliketi. Kikombe cha kwanza kilipopita alimtazama mumewe kama kawaida. Uso ulikuwa umefungwa. Mbele ya mwenzake wa kazi, jiwe lilikuwa limerudi mahali pake, bila nyusi kunyanyuka, bila mdomo kuvutika, bila chochote. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu, akaona kama mzee naye amehangaika, kama anautafuta uso wake mwenyewe asiupate. Akabahatisha sita. Wao waliandika saba wote wawili. Cha pili akabahatisha saba, na wao pia wakaandika saba.

Cha tatu yeye na mumewe walionja kwanza, kwa sababu Kasuku alikuwa bado anasuuza mdomo na kusimulia habari za goti lake. Fundi akafyonza, akatema, akaandika nane bila wasiwasi, akaifunika karatasi na kuweka penseli chini. Alipoinua macho aliona mambo mawili asiyoyaelewa. Mumewe alikuwa hajaandika. Alikuwa ametulia, macho yameganda pale penseli ya mkewe ilipokuwa ikitembea. Na kopo la kutemea lilikuwa mbali naye. Alikuwa ameimeza. Miaka thelathini na mmoja mtu huyu hajameza kikombe cha kazi. Kisha naye akaandika haraka, akafunika.

Kasuku akaonja, na hakulifikia kopo. Alitemea kwenye leso yake, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Mungu wangu! Shemeji, hii umeipikia wapi, kabatini? Hizi si dawa za nondo hizi? Mnataka kuniua!" Akachora sifuri kubwa kama sahani. "Haya, funueni, tucheke."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Aliifunua karatasi yake kwa sababu hakuwa na la kufanya. Nane. Akangoja mumewe afunue sifuri yake, na baada ya hapo maswali.

Mzee akafunua. Nane.

Kicheko cha Kasuku kilikatika. Aliangalia karatasi moja, akaangalia ya pili, kisha akamkazia macho mwenzake.

"Uso wa Jiwe... wewe? Nane?"

"Nane," mzee alisema. "Mimi nimeiona nzuri."

"Mtoto wa darasa la kwanza angejua hii imeoza! Wewe ndiye uliyekuwa ukitoa gunia moja bovu katika mia kwa harufu tu. Sisi sote tulikuwa tunajifunza kwako!"

"Labda ulimi umezeeka, ndugu yangu. Ndiyo hali."

Hakupepesa macho aliposema. Kasuku alimtazama, na polepole huruma ikamjaa usoni, ile huruma ya kumkera mtu kuliko matusi. Hakumaliza hata mkate alioleta. Mlangoni alimshika mzee bega, akaliminya, akaondoka bila utani. Mpaka kufika Jumatatu kila mtu aliyewahi kubeba gunia katika ghala lile angejua kwamba Uso wa Jiwe amekwisha. Mzee alilijua hilo vizuri kuliko yeyote. Vitu pekee alivyotoka navyo kazini vilikuwa ulimi wake na sifa zake, na alikuwa amevitoa vyote viwili mezani kwa kikombe kimoja, ili mkewe asibaki peke yake na ile nane.

Fundi alifunga mlango, akabaki ameuegemea.

"Ulijua," alisema.

Mzee alikuwa anakusanya vikombe.

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya moshi. Uliipa saba. Hukuwahi kuipa zaidi ya tatu, ulisema ni kama kulamba sufuria iliyoungua." Alikipanga kikombe ndani ya kikombe. "Nikaona unaniangalia mimi, huangalii kikombe. Basi nikaanza kukuonyesha. Si kazi rahisi, mke wangu. Nilikuwa najifunza kwenye kioo wakati wa kunyoa ndevu."

Kwa hiyo haukuwa uzee. Jumamosi zote zile mtu mzima amesimama mbele ya kioo, ana povu shavuni, anajifundisha kunyanyua nyusi. Hasira ikampanda.

"Na ukanyamaza! Wiki zote hizi! Wewe ulikuwepo daktari aliposema tusingoje."

"Nilikuwepo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nawe mbona hukusema?"

Mzee akakaa kwenye kiti cha wateja, kile wanachokalia wakingoja gauni zao, mikono juu ya magoti. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo.

"Ningesema, Jumatatu tungekuwa kule hospitali. Nilijua ukiingia safari hii... Nikasema, Jumamosi hii tu. Ikija nyingine nikasema, na hii. Leo pia nilisema hivyo." Akainua macho, yamejaa. "Tuongeze moja. Moja tu, mama. Nitakupikia mimi. Nitakueleza kila kikombe kina nini, neno kwa neno, uandike unavyotaka. Halafu twende."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, kwa kulazimishwa, kwa kuburutwa mpaka kwenye gari. Alikuwa amejiona ndiye mwoga wa nyumba hiyo na mumewe ndiye nguzo ya kufichwa mambo ili isianguke. Sasa alimwona mwanamume anaomba kama mtoto anayeomba asizimiwe taa, na akaelewa kwamba akisema ndiyo atapewa Jumamosi hiyo, na baada yake nyingine, kwa upendo, mpaka asibaki wa kupewa. Na alitaka kusema ndiyo. Alitaka kuliko alivyotaka kupona.

"Hapana, baba," alisema. "Jumatatu."

Mzee akafunika uso kwa viganja. Fundi akachukua simu iliyokuwa karibu na cherehani, akampigia binti yao. Alitaka kuanza kwa salamu ndefu, akashindwa, akaenda moja kwa moja.

"Mwanangu, harufu zimepotea tena. Ladha pia."

Upande wa pili redio ilizimwa.

"Tangu lini, mama?"

"Wiki saba."

"Wiki saba! Na baba? Baba anajua?"

Alimtazama mumewe. Mabega yake yalikuwa yanatikisika bila sauti.

"Anajua," alisema. "Tulikuwa tunafichana."