Kitufe cha Redio

"Salama tu, shemeji," alijibu kaka wa mkewe redioni kutoka lango la nyuma, na nyuma ya sauti yake vikasikika vicheko vya watu.

Mkuu wa walinzi akaikazia macho redio yake ya mkononi. Vicheko vya nani, na lango lile halifunguliwi mpaka tamasha liishe?

Akapita nyuma ya jukwaa akinyata, redio ameibana kifuani kwa mikono miwili. "Kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona. "Anaingiza rafiki zake bila tiketi. Leo nitamfuma. Dada yake atalia, na alie."

Redio ilikuwa kimya mno. Hata walinzi wa lango kuu, wapenda kupiga domo, hawakusema neno. Akashuku kwamba wameshapeana habari.

Alipokata kona ya mwisho akanong'ona, "Sasa nimekupata," na mbele yake sauti yake mwenyewe ikasema, "Sasa nimekupata."

Ilitoka kwenye redio iliyokuwa kiunoni mwa shemeji yake, ambaye alikuwa ameegemeza mgongo kwenye lango, jasho likimtiririka, huku umati wa nje ukisukuma na kucheka.

"Toa kidole kwenye kitufe!" alifoka. "Naita msaada, nawe umeziba njia ya redio kwa kunisengenya!"

Mkuu wa walinzi akatazama kidole chake. Akakiinua, akabonyeza tena, safari hii kwa kujua. "Walinzi wote, lango la nyuma, haraka."

"Tumesikia, bosi," lango kuu wakajibu. "Tuje kumfuma au kumsaidia?"

Mkuu wa walinzi akaweka bega lake langoni, kando ya bega la shemeji yake.